Shinikizo la Damu Linapofika Machoni

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2022 shemeji yangu alinunua miwani mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya kusomea inayouzwa dukani kwa pauni chache, iliyotundikwa kwenye kibao cha kuzunguka karibu na mlango. Ilipokosa kumsaidia alisema kwamba kitu rahisi hakikosi ila, akaenda kununua ya pili iliyo kali zaidi, na baada ya siku tisa akanunua ya tatu. Shemeji alikuwa dereva wa basi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 44. Namba za mabasi yaliyo mbele yake alikuwa akiziona kama zilizopakwa mafuta. Kila asubuhi aliamka na maumivu ya kisogo, na maumivu hayo aliyahesabu kuwa ni uchovu wa zamu za alfajiri.

Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, hakuwa na subira ya kungojea miwani ya nne. "Baba watoto," alimwambia, "leo hushiki usukani mpaka umepimwa macho." Binti aliyempima aliyatazama macho yale kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akapiga picha, akaitazama picha, kisha akatoka chumbani na kurudi na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Mashine ilionyesha 228 juu ya 142. Akapima mkono wa pili, na tofauti ilikuwa ndogo. Papo hapo alipiga simu hospitali na kuandika barua, na shemeji akamwambia kwa Kiingereza chake cha upole kwamba amekuja kutaka miwani, hakuja kulazwa. Alilazwa siku hiyo hiyo, akakaa hospitali kwa muda wa siku sita.

Ndugu wasomaji, mimi si daktari. Kazi yangu ni ukalimani katika hospitali za nchi hii, na kwa miaka mingi nimekaa baina ya madaktari na wazee wetu, nikiyavusha maneno ya upande huu kwenda upande ule. Mengi niyaandikayo hapa niliyasikia kwanza nikiyatafsiri, kabla sijayasoma kitabuni. Lakini wiki ile sikuwa mkalimani, nilikuwa jamaa wa mgonjwa. Nikiwa nimekaa kando ya kitanda ndipo nilipotambua jambo ambalo siku zote nilikuwa nikilipita bila ya kuliona, nalo ni kwamba neno letu moja, "presha", lilikuwa limekaribia kumpofusha mtu wa nyumbani kwetu.

Ilikuwa hivi. Shemeji alikwisha kuambiwa tangu mwaka 2018 kuwa ana shinikizo la damu, akapewa vidonge. Vidonge vile vilimvimbisha vifundo vya miguu, naye hakuvipenda. Mwaka 2021 alikwenda kupimwa macho kwa ajili ya miwani ya kawaida, akapuliziwa ile hewa ya ghafla jichoni ambayo wengi wetu tunaijua, na mpimaji akamwambia kwa Kiingereza kwamba presha yake ni nzuri kabisa. Alirudi nyumbani na bishara. Presha imepimwa na mtaalamu kwa mashine ya kisasa, imeonekana ni nzuri, basi vidonge vya nini tena? Akaviacha. Katika kisa hiki hapana aliyesema uongo. Mpimaji alisema kweli kuhusu presha aliyoipima, na shemeji alielewa ile presha aliyoijua.

Presha hizo ni mbili. Ya kwanza ni ya maji yaliyomo ndani ya jicho lenyewe, yanayolifanya lisinywee kama mpira uliotoboka. Hii ndiyo inayopimwa kwa ile pumzi ya hewa, na kwa watu wengi huwa kati ya 10 na 21. Ikizidi huweza kuiharibu neva ya jicho, yaani ule mshipa wa fahamu unaopeleka habari za macho kwenye ubongo, na maradhi hayo ndiyo tuyaitayo "presha ya macho", ambayo madaktari huyaita glaukoma. Ya pili ni nguvu ya damu inayosukumwa na moyo ndani ya mishipa ya mwili mzima, ambayo hupimwa mkononi kwa mfuko unaojazwa upepo, na ambayo kwa mtu mwenye afya huwa karibu na 120 juu ya 80. Zote mbili huhesabiwa kwa milimita za zebaki, na labda hilo nalo limezidisha mchanganyiko. Mtu aweza kuwa na moja pasipo nyingine. Jicho laweza kupimwa hewa likaonekana salama, hali damu inayopita nyuma yake inapasua mishipa.

Tangu siku ile mimi nimejilazimisha, katika kazi na nyumbani, kusema "shinikizo la damu" kwa moja na "shinikizo la ndani ya jicho" kwa nyingine, hata kama wasikilizaji wananiona mwenye makuu. Makala haya yanahusu lile la damu, na linavyofanya likifika machoni.

Nyuma ya jicho pana utando uitwao retina, unaopokea mwanga kama filamu ya kamera ipokeavyo picha. Unene wake haufiki nusu milimita. Juu ya utando huo imetandaa mishipa ya damu, ateri zinazoileta na vena zinazoirudisha. Hapana mahali pengine mwilini ambapo daktari huweza kuitazama mishipa ya namna hiyo kwa wepesi kama hapo, ikiwa hai na damu ikipita ndani yake, bila ya kukata ngozi. Mishipa ya figo na ya ubongo ni jamaa wa karibu wa hiyo, lakini imefichika. Mwanasayansi wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alipotangaza mwaka 1851 kifaa chake cha kuangazia ndani ya jicho la mtu aliye hai, alikuwa kama aliyetoboa dirisha katika nyumba isiyokuwa na dirisha. Miaka ya 1890 daktari mmoja wa hospitali ya macho ya Moorfields mjini London, Robert Marcus Gunn, aliona kwamba kwa watu fulani ateri ya retina hung'aa kama waya wa shaba, na kwamba pale inapopishana na vena huikandamiza ile vena mpaka ikaonekana kama iliyobanwa. Alikuwa akitazama kazi ya shinikizo la damu.

Nilitaka kuwaletea picha ya retina ya kawaida na ya mgonjwa ziwe bega kwa bega, lakini mashine yetu ya fotokopi ingezigeuza zote mbili kuwa giza tupu. Basi nitaeleza kwa maneno.

Shinikizo la damu likipanda kidogo kidogo kwa miaka, ateri ndogo hujikaza ili kuilinda retina na kishindo kinachotoka moyoni. Ni ulinzi mzuri kwa muda mfupi. Ukidumu, kuta za ateri huwa nene na ngumu, na njia ya damu huwa nyembamba. Mtu mwenyewe hajui lolote, kwa kuwa anasoma gazeti, anatia uzi kwenye sindano, na anaendesha gari. Hali hii huweza kukaa miaka mingi pasipo dalili.

Likipanda mno, aghalabu kufika 180 juu ya 120 na kuzidi, ule ulinzi hushindwa. Kuta za mishipa huanza kuoza na kuvuja. Damu hutoka na kujichora juu ya retina mfano wa ndimi za moto. Sehemu ndogo zilizokatikiwa na damu hugeuka nyeupe, zikaonekana kama vipande vya pamba. Maji na mafuta ya damu yaliyovuja huacha madoa ya manjano, na pengine madoa hayo hujipanga kama nyota kuzunguka ile sehemu ya katikati tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Hatimaye kichwa cha neva ya jicho, pale inapotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, huvimba na mipaka yake ikapotea. Chini ya retina pana tabaka jingine la mishipa, nalo likizidiwa huvuja maji yanayoweza kuinua retina kutoka mahali pake. Hayo yote, ila lile la mwisho, yalikuwamo katika picha ya macho ya shemeji. Yule binti alituonyesha, na mimi niliyezoea kutafsiri maneno hayo kwa watu wengine nilikaa kimya.

Uzito wa alama hizi ulijulikana zamani. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota, Marekani, Norman Keith, Henry Wagener na Nelson Barker, waliwagawa wagonjwa wa shinikizo la damu katika madaraja manne kwa kutazama macho yao tu. Daraja la kwanza walikuwa wale ambao ateri zao zimebanwa kidogo, na la nne wale ambao kichwa cha neva kimevimba. Wakawafuatilia. Baada ya miaka mitatu, katika kila watu 100 wa daraja la kwanza 70 walikuwa hai. Katika daraja la nne walibaki 6. Siku zile hapakuwa na dawa ya maana, kwa hiyo wasomaji wasitishike kwa hesabu hiyo kana kwamba ni ya leo. Leo mgonjwa wa daraja la nne akiwahiwa hutibiwa na kuishi. Lakini yafaa kujua kwamba jicho liliweza kutabiri maisha ya mtu kwa namna hiyo.

Hapo kati, kabla ya dawa kupatikana, pana kisa ambacho watu wa wali kama sisi hatuna budi kukijua. Alikuwapo daktari aitwaye Walter Kempner, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akafika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mwaka 1934. Mhamiaji kama sisi, na lafudhi yake nzito. Aliamini kwamba figo zikipunguziwa mzigo, shinikizo la damu litashuka, akawalisha wagonjwa wake wali, matunda, maji ya matunda na sukari, basi. Wali mtupu, hauna chumvi, hauna nazi, hauna samli. Inasimuliwa kwamba mwaka 1942 alimwambia mama mmoja, ambaye macho yake yalikuwa yamejaa damu na neva zimevimba, ale hivyo kwa wiki mbili kisha arudi. Yule mama, kwa lafudhi ile, alisikia miezi miwili. Aliporudi baada ya miezi miwili shinikizo lilikuwa limeshuka, na nyuma ya macho damu ilikuwa imefutika na uvimbe umetoweka. Kempner aliendelea kupiga picha za retina za wagonjwa wake, za kabla na za baada, akawaonyesha madaktari wenzake waliokuwa wakidhani kwamba kilichoharibika hapo hakirudi.

Sikusimulia hayo ili mtu aache vidonge akale wali mtupu. Wagonjwa wengi walishindwa na chakula kile, na leo dawa hufanya kazi hiyo kwa usalama zaidi. Nimekisimulia kwa sababu ya mambo mawili: kwamba chumvi ilikuwa na sehemu yake katika maradhi haya, na kwamba jicho lililoumizwa na shinikizo la damu huweza kupona, likiwahiwa.

Tatizo ni kuwahi. Jicho haliumi. Anayepatwa huweza kuona ukungu, au doa jeusi lisiloondoka, au mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, pamoja na kichwa kuuma. Na wengine hawaoni kitu mpaka siku wanapopimwa. Pengine vena ya retina huziba ghafla, mtu akaamka asubuhi na jicho moja limefifia pasipo maumivu yoyote. Pengine kinachozidiwa ni ubongo wenyewe, mahali pa kupokelea habari za macho, na mgonjwa akawa haoni ilhali macho yake ni mazima. Kwa upande mwingine, lile doa jekundu linalojitokeza juu ya weupe wa jicho na kuwatisha watu wote nyumbani, mara nyingi si hatari na hujiondokea lenyewe, ingawa si vibaya mtu akapime shinikizo lake siku hiyo. Wanajumuiya wetu hulikimbilia daktari lile doa jekundu, na ukungu hulinunulia miwani.

Hospitalini lilitokea jambo ambalo nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu liliwagombanisha jamaa na wauguzi. Tulidhani kwamba shinikizo la 228 litashushwa usiku ule ule mpaka 120. Asubuhi lilikuwa bado liko juu ya 180, na mjomba wa shemeji, aliyekuja kwa treni kutoka London, alipandwa na hasira akasema kwamba Mwingereza angekwisha kutibiwa. Daktari wa zamu, bila ya kukasirika, alikaa akaeleza. Mwili uliozoea shinikizo kubwa kwa muda mrefu umejipanga upya kwa kiwango hicho. Ukilishusha kwa ghafla, damu hukosa nguvu ya kufika kwenye ubongo na kwenye neva ya jicho, na mgonjwa huweza kupata kiharusi au kupofuka kabisa mikononi mwa waliotaka kumwokoa. Kanuni iliyozoeleka kwa dharura ya namna hii ni kutolishusha kwa zaidi ya robo katika saa ya kwanza, kisha kuendelea polepole kwa siku moja au mbili. Mjomba alisikiliza. Kisha aliomba radhi, kwa Kiswahili, na mimi nikaitafsiri.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba wasomaji waiache desturi moja tuliyoijua wengi wetu, ya kukitoboa kidonge laini cha nifedipini na kuyadondosha maji yake chini ya ulimi wa mgonjwa aliyepandwa na presha. Hata hospitalini ilikuwa ikifanywa. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani wakitaka desturi hiyo ikomeshwe, kwa kuwa hulishusha shinikizo kwa kasi isiyotabirika. Mpelekeni mgonjwa hospitali. Msimtibu sebuleni.

Kwa nini shemeji aliviacha vidonge? Ile bishara ya mpima macho niliyoieleza ilikuwa kisingizio alichokuwa akikitafuta. Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa dawa ya amlodipini, ambayo katika nchi hii ndiyo aghalabu hutangulizwa kwa watu wenye asili ya Kiafrika wasio na kisukari, kwa kuwa huwafaa vizuri. Inawezekana kupunguziwa au kubadilishiwa, lakini daktari hawezi kubadili asichoambiwa. Wanaume wengine huziacha dawa kwa sababu ya mambo ya chumbani, nao hawasemi, hasa ikiwa mkalimani ni mwanamke au ni mtu anayejuana na familia. Nawaambia kama mkalimani kwamba mna haki ya kuomba mkalimani mwingine, na tumefungwa na kiapo cha siri. Tena shinikizo lenyewe lisilotibiwa huidhoofisha mishipa ya huko pia.

Na ilikuwapo sababu ya tatu ambayo hakuitamka mpaka siku ya nne ya kulazwa. Dereva wa basi nchini humu hupimwa afya anapofika miaka 45, na kila miaka mitano baada ya hapo mpaka 65. Alikuwa amebakisha miezi michache. Aliogopa kwamba jina lake likiandikwa kwa daktari kuwa ana presha, atanyang'anywa leseni, na nyumba yao inategemea mshahara ule, pamoja na watu wanne nyumbani Pemba. Kanuni haisemi hivyo. Dereva wa basi ambaye shinikizo lake linabaki kwenye 180 ya juu, au 100 ya chini, au zaidi, lazima aache kuendesha. Likishuka na kutulia anaruhusiwa kurudi. Kwa hiyo vidonge alivyoviacha kwa kuilinda leseni ndivyo ambavyo vingeilinda.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo tu, maana kila mtu ameshasikia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, chakula chote pamoja. Wengi tunaihesabu ile tunayoitia chunguni na kuisahau ya papa na ng'onda, ya achari, ya vidonge vya supu tunavyovitia hata katika mchuzi wa nazi, na ya mkate wa dukani tunaokula asubuhi na jioni. Na wale wanaofunga Ramadhani wasiviache vidonge kwa mwezi mzima. Dawa nyingi za siku hizi humezwa mara moja kwa siku, na daktari au mfamasia huweza kuzipangia wakati wa futari au daku akiulizwa mapema. Kuazimana vidonge harusini na misibani, kama tuazimanavyo kanga, nako kukome.

Neno la pekee kwa mama wajawazito na kwa waume zao. Baada ya wiki ya 20 ya mimba, shinikizo la damu huweza kupanda pamoja na protini kuonekana katika mkojo, na likiachwa huishia katika kifafa cha mimba. Macho hutoa onyo: vimulimuli, nyota za kumetameta, ukungu, na kichwa kuuma kusikokoma, na pengine maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu. Hali hiyo huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Mama anayeona vimulimuli asilale akangojea kliniki ya Jumatatu. Apige simu wodi ya wazazi saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, hata kama mama mkwe anasema ni njaa.

Pa kupimia ni pengi. Katika Uingereza, kwa maana ya England, maduka mengi ya dawa humpima bure mtu aliyefikia miaka 40, na wenye umri wa miaka 40 hadi 74 wasio na maradhi fulani yaliyokwisha kujulikana huitwa kupimwa afya kila baada ya miaka mitano. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakulipiwi, na hakutegemei karatasi za uhamiaji. Kupimwa macho ni bure kwa aliyefika miaka 60, kwa mwenye kisukari na kwa wengine kadhaa. Scotland ni bure kwa wakazi wote. Mashine ya nyumbani ya kufunga juu ya kiwiko inatosha, na ikionyesha 135 juu ya 85 au zaidi siku baada ya siku, nenda kwa daktari. Ikionyesha 180 juu ya 120 na una ukungu wa macho, au kichwa kikali, au kifua, au udhaifu wa upande mmoja, usingoje miadi. Nenda hospitali, au piga 999. Na ukiambiwa popote kwamba presha yako ni nzuri, uliza ni ya nini, na uombe tarakimu yake iandikwe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 wana shinikizo la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Shemeji alikuwa katika nusu inayojua.

Jicho lake la kulia lilirudi karibu lote, lakini ilichukua miezi mitano. La kushoto limebaki na kivuli katikati, na akilifumba la kulia haoni uso wa mtu aliye mbele yake, huona masikio na mabega. Figo zilionekana zimeumia kidogo, na hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Basi hakulirudia, sasa yuko ofisini kwenye gereji ileile, akipanga zamu za wenzake, kwa mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Dada ameiweka mashine juu ya meza ya jikoni, karibu na chupa ya chai, na daftari lenye tarehe.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kupimwa macho. Alipuliziwa ile hewa, jicho la kulia kisha la kushoto, na binti akamwambia kwamba presha ni nzuri. Shemeji akamuuliza, "Ipi?"